Sifuri ya Fidelia

Mimi nikiambiwa jambo na watu wawili kwa maneno yaleyale, najua wamekaa wakapanga. Ndivyo nilivyo na sijutii. Nauza masweta ya mtumba pale Makambako, karibu na stendi, na kazi hiyo inakufundisha kupitisha mkono ndani ya kila kitu kabla hujakiamini. Sweta linang'aa nje, ukichungulia kwapani unakuta tundu la kupitisha panya. Basi Mwalimu Kasimiri aliponiambia kwamba binti yangu Fidelia amepata sifuri ya kusoma, halafu akaongeza kwamba kishikwambi hakina upendeleo, na mwalimu mkuu naye nilipomfuata akaniambia hivyohivyo, kishikwambi hakina upendeleo, nikajua hapa kuna mkono wa mtu.

Sifuri, jamani. Angepata hata kumi ningenyamaza. Fidelia yuko darasa la pili na anasoma kila kinachopita mbele ya macho yake. Anasoma maandishi ya kwenye malori, anasoma kitabu cha nyimbo kanisani huku kidole kikikimbia kabla waimbaji hawajafika. Mimi mwenyewe meseji za baba yake humpa yeye anisomee, maana Filbert yuko Matembwe kwenye mbao na huandika kama anayekimbizwa. Mtoto wa namna hiyo atapataje sifuri?

Vishikwambi vilikuwa vimeletwa mwaka huu na mradi mmoja wenye ofisi yake Njombe mjini. Tuliitwa wazazi tukaonyeshwa. Mtoto anavaa visikilizio, kwenye kioo anatokea mama mmoja wa makamo aliyevaa miwani, anajiita Mwalimu Upendo, anamwita mtoto kwa jina lake na kumwambia asome hadithi iliyo chini. Mtoto anasoma kwa sauti, chombo kinasikiliza, kinatoa alama chenyewe. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliuliza swali moja tu, nani anakaa karibu na mtoto wakati wa mtihani, nikajibiwa hakuna mtu anayeruhusiwa, hata mwalimu wa darasa. Wakati ule jibu lilinipendeza.

Sasa mradi ukaamua kwamba watoto wote waliopata chini ya kiwango watarudishwa darasa la kwanza baada ya likizo, wakaimarishe msingi. Maana yake Fidelia akae dawati moja na mdogo wake Amon, aliyeanza shule Januari na bado anavaa viatu kushoto kulia. Amon alikwisha kuanza kumwambia dadake kwamba atamwonyesha choo kiko wapi.  Fidelia mwenyewe alikuwa anakula kidogo, analala mapema, na nikimuuliza ilikuwaje anasema muda uliisha, basi. Nikimkazania anaangalia miguu yake. Nikasema moyoni, mtoto huyu ametishwa.

Nikaanza kupekua. Nani amepata juu? Jenifa. Jenifa wa Priska, jirani yangu, ambaye jina lake mwenyewe akiliandika hukosa herufi, amepata tisini! Na mama yake Ijumaa zote anapita mbele ya kibanda changu na kikapu cha maparachichi kuelekea nyumba za walimu. Nilikuwa nikimsalimia tu na kumtania kwamba anapeleka mahari. Siku ile alipopita nilikitazama kile kikapu mpaka kikapotea kwenye kona. Naye Mwalimu Kasimiri, kijana asiye na mke, alikuwa ameanza kunenepa. Nikaunganisha moja na moja. Wamebadilisha majina hawa, nikasema. Sauti ya mwanangu wamempa Jenifa, na ububu wake wamempa mwanangu.

Kwenye mkutano wa wazazi sikusubiri ajenda. Nilisimama nikayamwaga yote, maparachichi na yote. Priska akapiga yowe kwamba nimemvua nguo mbele za watu. Baadhi ya wazazi wakaguna, wengine wakataka niendelee, maana nao walikuwa na watoto wa kurudishwa. Mwalimu Kasimiri alikuwa amekaa pale mbele, mikono juu ya magoti, masikio yamemwiva. Alipopewa nafasi alisema kwamba hata yeye ile sifuri ilimshangaza, ila alama haruhusiwi kuzigusa wala mtihani haruhusiwi kuurudia. Nikamwambia mwizi yeyote hushangaa akikutwa. Hapo akainua uso.

"Mama Fidelia, sauti za watoto wote ziko Njombe. Zimehifadhiwa. Nenda ukasikilize sauti ya mwanao, halafu urudi uniite mwizi tena."

Nilijua ananitisha nisiende. Kesho yake asubuhi nilimwachia mwenzangu wa stendi kibanda, nikapanda gari la Njombe.

Ukungu ulikuwa umelala mjini kama kawaida ya mwezi wa sita, watu wanatembea wamejikunyata. Ofisi niliikuta ghorofani juu ya duka la mbolea. Alinipokea mama wa rika langu, amejifunga shuka la masai juu ya suti, jina lake Bi Rejoice. Akanisalimia kamwene, kibena kabisa, na hata hilo nililitilia shaka, maana mtu wa ofisi akikusalimia kikwenu anataka utulie. Nikamweleza shida yangu bila kumung'unya maneno. Akaniambia wazazi wanaofika pale na malalamiko ni wengi, na kila mmoja mtoto wake ni mwerevu. Lakini akafungua kompyuta, akatafuta jina, akageuza spika upande wangu.

Kwanza nilisikia mvua juu ya bati na watoto wengine kwa mbali wakisoma habari za paka. Kisha Mwalimu Upendo, sauti ya upole kabisa: hujambo Fidelia, leo tutasoma pamoja, anza kusoma.

"Shikamoo, mwalimu," akasema mwanangu.

Ilikuwa sauti yake. Ningeitambua hata sokoni. Halafu kimya. Mvua tu na yule paka wa watoto wengine. Mwalimu Upendo akarudia, anza kusoma. Fidelia naye akarudia, shikamoo mwalimu, safari hii kwa nguvu zaidi. Kimya tena, kirefu, mpaka nikasikia anavuta kamasi. Halafu akauliza polepole, "Mwalimu, unanisikia?" Hakujibiwa. Baadaye Mwalimu Upendo akasema muda umekwisha, asante kwa kusoma nami.

Bi Rejoice akanitazama, akasema unaona mwenyewe mama, mtoto hajasoma hata neno moja. Mimi sikuwa nikimwona.  Lile swali la unanisikia nililijua, kwa sababu ni mimi niliyemfundisha.

Bibi yake Fidelia, mama yake Filbert, yuko Matembwe, na Jumapili jioni tunampigia simu ya video. Mtandao wa kule unasuasua. Uso wa bibi unatokea, unaganda, maneno yanafika baadaye. Mwanzoni Fidelia alikuwa akisalimia na kuunganisha palepale habari za shule, na marahaba ya bibi inafika katikati ya maneno yake, inapotea. Bibi akalalamika kwa Filbert kwamba namlea mtoto asiyengoja kuitikiwa, mtoto wa mjini. Maneno ya mama mkwe yanauma. Nikamkalisha Fidelia nikamwambia, mtu mzima akitokea kwenye kioo unasalimia, unanyamaza, unangoja. Asipoitikia salimia tena. Bado kimya, muulize kama anakusikia. Ila usifungue mdomo kusema jambo lako kabla hujapewa marahaba. Siku moja alijisahau, nikamfinya. Tangu hapo hakukosea, na bibi kule anamsifu mpaka kwa majirani.

Nilimweleza Bi Rejoice hayo yote, ulimi mzito kama nimetoka kung'olewa jino.  Alivuta shuka lake, akaniangalia kwa jicho ninalolijua, ndilo ninalowaangalia nalo wateja wanaosema sweta hili nilinunua kwako jana likachanika. Akasema hadithi ni nzuri, lakini yeye akibadilisha alama kwa hadithi, kesho foleni ya wazazi itafika stendi. Akaniuliza mtoto yuko wapi saa hizi. Nikasema shuleni. Akachukua simu yake akampigia Mwalimu Kasimiri kwa video, akamwambia amtoe Fidelia darasani, ampe simu, na asimwambie lolote. Mimi akanisogeza pembeni ya meza ambapo sionekani, akaweka kidole mdomoni.

Nikaona kipaji cha uso cha mwanangu, kisha macho, kisha uso mzima. Alimtazama yule mama asiyemjua.

"Shikamoo, mwalimu."

Bi Rejoice hakuitikia. Alikaa tu, uso mkavu, anamtazama. Alikuwa anampima. Fidelia akangoja. Nyuma yake nilimwona Mwalimu Kasimiri akikunja na kukunjua vidole. Shikamoo mwalimu, akasema tena Fidelia, akapiga goti kidogo, kichwa kikashuka kwenye kioo kikarudi. Bi Rejoice kimya. Nilibana mdomo kwa mkono wangu. Nilitaka kupiga kelele, mwitikie, wewe mwanamke, una roho gani! Macho ya Fidelia yalianza kujaa, lakini hakuondoka wala hakugeuka. 

"Mwalimu, unanisikia?"

Bi Rejoice akashusha pumzi. "Marahaba, mwanangu. Nakusikia."

Uso wa mtoto ulifunguka palepale. Bi Rejoice akachukua gazeti lililokuwa mezani, akaligeuza kwenye simu, akamwambia amsomee pale penye picha ya viazi. Na hapo, Mungu anisamehe, hata mwanangu nilimshuku. Nikawaza, je, kama zile nyimbo za kanisani amezikariri tu? Je, meseji za Filbert anabuni, maana Filbert kila mara anaandika yaleyale? Gazeti hili hajaliona. Nilishika ukingo wa meza.

Akasoma. Alianza polepole, akajikwaa kwenye neno pembejeo, akarudi akalivuka, kisha akashika kasi. Wakulima, bei, Wanging'ombe, mvua, vyote akavisoma, na penye nukta akapumua. Alipomaliza aya akauliza kama aendelee na ya chini. Bi Rejoice akamwambia inatosha, arudi darasani, akamwomba Mwalimu Kasimiri abaki kwenye simu.

Mwalimu akaishika simu mwenyewe, akaniona na mimi sasa nimesogea. Hakunisimanga. Aliniuliza tu kama nimesikiliza. Nikasema nimesikiliza, mwalimu, na Ijumaa nitaomba wazazi waitwe tena, nisimame mbele ya walewale niliowahutubia nikuombe radhi wewe kwanza, kisha Priska, maana Jenifa wake labda alianza tu kusoma bila kungoja kuitikiwa. Akasema sawa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu niolewe.

Bi Rejoice akaniambia Fidelia atabaki darasa la pili, analiandika yeye mwenyewe leo. Nikamshukuru, nikachukua mkoba wangu. Yeye hakuinuka kunisindikiza. Alikuwa ameganda mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya. Akaniomba nikae kidogo.

Alifungua sauti ya mtoto mwingine aliyepata sifuri, wa shule moja ya upande wa Makete. Mwalimu Upendo akasema anza kusoma. Kijana mdogo, sauti imekwaruzwa na mafua, akasema shikamoo mwalimu. Kisha kimya mpaka muda ukaisha.

Akafungua mwingine. Huyu alisoma vibaya kweli, akiokoteza herufi, na nilimwona Bi Rejoice akipata nafuu kidogo. Akafungua mwingine tena. Shikamoo mwalimu. Kimya. Shikamoo mwalimu. Kimya, na mahali fulani ndani ya kimya hicho jogoo akawika.

Nilimuuliza kama hawa nao wanarudishwa darasa la kwanza. Akasema wengine wamesharudishwa, shule zao hazikungoja likizo.

Akabofya tena. Ilikuwa sauti ya kitoto kabisa, ya binti, inasalimia kwa adabu zote, na kabla sijajizuia nikajikuta nimeitikia kwa sauti mle ofisini, marahaba mwanangu, soma. Bi Rejoice hakucheka. Mtoto aliendelea kungoja.