Salamu za Fundi Seth

Asubuhi ya Jumatatu, Dzoro alikwama mlangoni mwa bohari ya chai, kasha kichwani, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na wachukuzi wenzake wakawa wanapita ubavuni mwake kwa kujikunja. Hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alimtua lile kasha asije akaumia shingo, mwengine akamfukuzia nzi puani. Juu orofani, Mwanakuu binti Muhdhar aliona taa za mashine yake zimeganda, akajua kuna mtu chini naye ameganda. Akachungulia dirishani.

"Ni nani leo?" akauliza.

"Dzoro!" wakamjibu.

Akaizima mashine, akavuta subira kidogo, akaiwasha. Pale mlangoni Dzoro akaukamilisha mwendo wake, na neno lililokuwa mdomoni likatoka. "...na muhogo wenyewe ulikuwa mchungu," akasema, ingawa aliyekuwa akiambiwa alishakwenda zake zamani. Kisha akajishika kichwa, akauliza kasha lake li wapi.

Mashine ile ililetwa mwaka wa pili wa uhuru. Ilikuwa ya kukaa mezani, yenye taa usoni na vitufe vya kuandikia, na iliuzwa na kampuni moja ya Nairobi iliyoiagiza ng'ambo. Kazi yake ilikuwa kupanga zamu: nani abebe nini, wapi, na nani apumzike. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na mnyapara kwa kupiga makelele. Mwanakuu huandika majina, nayo huyatafuna jina baada ya jina. Ikikwama katikati ya jina, mwenye jina naye hukwama, popote alipo. Watu walishaizoea. Wake za wachukuzi hawakuomba mengi, ila waume zao wakwame kivulini.

Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Baadaye ikawa haipiti siku. Kuna aliyekwama akinywa maji, yakamwagika yote kifuani. Kuna aliyekwama akimsengenya mnyapara, na mnyapara akaja akasimama mbele yake kwa utulivu mkubwa, akangoja amalizie.

Meneja wa bohari, Bwana Jamaldin, alikuwa mtu muungwana mwenye kuogopa vitu viwili tu: mvua kwenye chai, na simu ya Nairobi. Ya pili ndiyo iliyomkondesha. Kila alipowapigia wale waliouza mashine, walikuwa na jibu. Walisema ni unyevu wa pwani, akanunua feni. Walisema ni umeme, akabadilisha waya wote mpaka wa ngazini. Walisema pengine ni sisimizi, akaitia miguu ya meza ndani ya makopo ya maji, kama kabati la vyakula. Watu waliendelea kukwama. Mwisho Nairobi wakauliza anayeitumia mashine ni nani, na je, anajifukiza udi?

Swali gani hilo kwa mtoto wa mtaa wa Ndia Kuu! Mwanakuu alijifukiza kama alivyojifukiza mamake na nyanyake, buibui lake likaning'inizwa juu ya chetezo mpaka likolee. Basi, wakasema Nairobi, moshi wa udi unauingia ubongo wa mashine.

Mwanakuu aliacha udi siku hiyo hiyo. Alikuja kazini akinuka sabuni ya mche, na mashine ikakwama kabla ya saa ya chai. Bwana Jamaldin akasema udi ulishaota ndani. Akaketi yeye mwenyewe kwenye mashine kutwa nzima, nayo ikakwama kuliko jana. Akasema harufu ya binti ilibaki kitini.

Hapo ndipo Mwanakuu alipoanza kuogopa. Babake, Mzee Muhdhar, mshona kofia, alimruhusu kufanya kazi kwa sharti moja lisilokuwa na mjadala: siku jina lake litakapotajwa barazani kwa ubaya, kazi basi. Na sasa barazani walikuwa wakisema binti Muhdhar ana moshi wa kukwamisha wanaume. Kijana mmoja alivuka njia alipomwona, akajifanya anatazama bei ya samli. Mwanakuu aliipenda kazi yake. Alipenda kupanda ile ngazi asubuhi, alipenda meza yake, alipenda kuitwa juu na watu wazima wamuulize jambo naye alijue. Na hayo yote angeyakosa kwa kosa lisilokuwa lake.

Nairobi wakamtuma fundi. Jina lake Seth, kijana mpole aliyeshuka garimoshini na sweta, akalivua pale pale stesheni, akiwa na mashine nyengine ndani ya sanduku la mbao. Hakuuliza habari ya udi. Aliketi kimya akaitazama mashine ikikwama, akaiwasha, akaitazama tena. Akabadilisha waya, akabadilisha vitufe, akaihamishia chumba cha pili. Kila alipobadilisha kitu alimwita Mwanakuu waandike majina, na kila mara kukasikika sauti chini: "Amekwama huku!"

"Sasa kimebaki kimoja," akasema.

Akaifungua mashine mgongoni, akautoa ubongo wake. Ulikuwa kibati bapa, mduara kama mkate wa mofa, umeshonwa nyaya nyembamba. Akautoa na ule wa mashine aliyokuja nayo, akavibadilisha, hiki huku na hiki kule. Wakaandika majina. Mashine ya bohari, iliyokwama tangu mwaka jana, ikapanga zamu zote bila kukohoa. Ile mpya ya Nairobi, iliyokuwa haijamaliza hata kutoka vumbi la sandukuni, ikakwama, na chini mchukuzi mmoja akakwama akipiga chafya.

Mwanakuu akaiwasha tena, chafya ikatoka. Wakatazamana.

"Wewe uliyua," akasema Mwanakuu.

"Nilijua kabla sijapanda gari," akasema Seth. "Huu ubongo una maradhi tangu ulipotengenezwa. Zimetengenezwa nyingi za namna hii, dada, na zimeuzwa kila mahali. Kwenye baridi tunaambiwa tuseme ni baridi. Kwenye vumbi, tuseme vumbi. Nilipokuja huku nikaambiwa, sema ni udi."

"Na mimi n'nani katika hesabu yenu hiyo?"

Seth akainama. "Nikisema ukweli sina kazi."

"Nawe usiposema, mimi sina kazi wala sina jina. Watu wavuka ndia wakiniona."

Akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Seth alikula mahamri yaliyokuwa mezani, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta ushujaa ndani yake. Yalipokwisha alikuwa ameamua.

"Kesho mwite meneja, na babako pia," akasema. "Maneno matupu yatabishwa, kwa hivyo waone kwa macho. Ubongo mbovu ubaki ndani ya hii mashine mpya. Hii haijanusa udi tangu izaliwe. Ikikwama mbele yao, watamsingizia nani?"

"Na wewe watia jina la nani? Wachukuzi wamechoka kukwamishwa."

"Langu."

"Utakwama!"

"Nitakuwa nimeshasema. Haikwami papo hapo, inachukua muda. Nikikwama, wewe uzime na uwashe, nitamalizia lililobaki."

Asubuhi yake walikusanyika orofani. Bwana Jamaldin aliketi kwenye kiti chake, Mzee Muhdhar akapewa cha wageni, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Wachukuzi walijaa ngazini, Dzoro mbele yao. Mwanakuu alisimama kando ya meza, mkono karibu na swichi. Seth akaiwasha mashine, akaandika jina lake, taa zikaanza kukimbizana. Akageuka.

"Wazee, nimewaita hapa kwa sababu mashine hii..."

"Sabalkheri," akasema Mzee Muhdhar.

Seth akasita. "Sabalkheri, mzee."

"U hali gani?"

"Mzima. Basi, hii mashine..."

"Alhamdulillahi. Na uliowaacha Nairobi?"

Hakuwa na nia mbaya, maskini. Mgeni amekuja kutoka mbali, amesimama mbele ya watu, na hakuna aliyemuuliza hali. Kumwacha mtu kama huyo aanze maneno hivi hivi, bila ya salamu, kungekuwa ni kumtukana. Seth akajibu kwamba aliowaacha Nairobi ni wazima. Mzee Muhdhar akauliza wazee wake, nao wazima. Akauliza mvua. Bwana Jamaldin, asije akaonekana mtovu wa adabu ofisini mwake, akauliza safari, akauliza garimoshi lilichelewa wapi, akauliza kama amelala vizuri na hili joto letu. Dzoro naye kutoka ngazini akataka kujua huko bara mahindi yamestawi vipi.

Taa za mashine zilikuwa zinaenda zikipungua mbio. Mwanakuu aliziona.

"Baba," akasema taratibu.

Mzee Muhdhar akainua kidole kimoja bila kumtazama. Alikuwa katikati ya kumuombea mgeni, na binti hamkatizi babake dua. Kisha ikaja kahawa. Bwana Jamaldin alikuwa ameiagiza tangu mapema, na halua juu yake, na mgeni haanzi neno kabla hajaonja. Seth alikunywa kwa haraka mpaka akaungua ulimi. Wakamcheka kwa upole, wakamwongeza kikombe.

"Haya, mwanangu," akasema Mzee Muhdhar, ameridhika. "Sasa sema lako, twakusikiliza."

Seth akafuta mdomo kwa leso, akasimama wima.

"Kosa la mashine hizi, wazee wangu," akasema, "linatoka kwa..."

Wakangoja. Leso ilikuwa mkononi, kidole kimenyooka mbele, mdomo umefunguka nusu. Walimngoja kwa heshima. Mzee Muhdhar alimnong'oneza Bwana Jamaldin kwamba vijana wenye kufikiri kabla ya kusema wamekuwa adimu siku hizi.

Mwanakuu aliizima mashine, akahesabu pumzi zake, akaiwasha. Haikuwaka. Akarudia. Harufu ya waya ulioungua ikatoka mgongoni mwake, kisha kimya. Ubongo mbovu ulikufa, na jina la Seth lilikuwa ndani yake. Alikimbilia mashine ya kwanza, akatoa ubongo ule mzima kama alivyomwona fundi akifanya, akautia kwenye hii mpya. Taa zikawaka vizuri. Aliandika jina la Seth mara chungu nzima, mashine ikampangia zamu ya mchana bila shida yoyote, lakini Seth hakutikisika. Huo ubongo haukulijua lile neno alilokwama nalo mdomoni.

Basi Mwanakuu akasema yeye. Alisema yote, tangu baridi na vumbi mpaka udi, mbele ya babake na meneja na ngazi nzima ya watu. Bwana Jamaldin alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "mwenye kujua ni fundi. Na fundi amesema linatoka 'kwa'. Hakusema linatoka wapi. 'Kwa' ni mtu. Na mtu anayeitumia mashine hii ni mmoja."

Akapiga simu Nairobi. Waliuliza kama fundi alikaa karibu na yule binti. Wakaambiwa alikaa. Wakasema ndiyo hayo.

Njiani kurudi nyumbani Mzee Muhdhar alitembea polepole. "Nakuamini," akamwambia bintiye. "Nimekutazama mato yako, nakuamini. Lakini barazani hawaniulizi mimi naamini nini." Lililomuuma Mwanakuu zaidi ni kwamba babake alisema kweli.

Meza yake akapewa msichana kutoka mtaa wa Buxton, asiyejua udi hata unakaaje. Mwezi haukwisha, ubongo mzima nao ukaanza kuganda, maana ulitoka tanuri lile lile. Wachukuzi wakakwama kama desturi. Nairobi walisema ni mafuta ya nywele ya msichana wa Buxton. Dzoro alijifunza kutomwambia mtu neno la maana akiwa na mzigo, na wenzake wakamfuata kwa busara hiyo.

Seth amesimama pale pale kando ya meza. Kampuni haikudai arudishwe, maana kudai ni kueleza amekwamaje. Anapumua vizuri, hana joto wala baridi, ndevu hazimwoti. Kidole chake kilichonyooka kilianza kutundikwa miavuli wakati wa masika, kisha makoti.

Ijumaa asubuhi Mzee Muhdhar humsindikiza bintiye mpaka chini ya ngazi, akamngoja hapo. Mwanakuu hupanda, akamtua Seth miavuli ya watu, akamfuta vumbi usoni, akamwekea kola sawa. Huketi mbele yake kidogo, akiutazama ule mdomo. Msichana wa Buxton humwachia kiti bila kuulizwa.

Ijumaa moja walikuja wageni wanunuzi wa chai, na mmoja wao akauliza yule bwana aliyesimama ni nani.

"Ni fundi wa mashine, katoka Nairobi," akasema Bwana Jamaldin. "Bado anachunguza chanzo cha tatizo."

"Amekwisha kuchunguza," akasema Mwanakuu kutoka kitini. "Yuwangoja kusema tu."

Bwana Jamaldin akamuuliza Mwanakuu hali, akamuuliza na ya mamake. Hakuna aliyembishia Mwanakuu, wala aliyemrudishia meza yake.