Mistari Iliyokatika

Wanafunzi walimwita Dokta Wastani, naye hakulichukia jina hilo. Kazi yake ilikuwa takwimu za afya, na ndani ya takwimu hizo, uzito: nani ananenepa, nani anapungua, kwa kiasi gani na kwa nini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa katika chumba kimoja cha ghorofa ya tatu pale chuoni, akihesabu kilo za watu ambao hakuwahi kuwatia machoni. Dirisha lake lilitazama paa la bati la maktaba. Kila alasiri jua lilipoligonga bati lile, mwanga uliruka ukaingia ndani na kutikisika darini mfano wa maji kwenye beseni, na hapo Dokta alizama. Ungebisha hodi mara tatu asikusikie. Alikuwa anawaona watu wake wakipita mmoja mmoja, hawana sura, kila mmoja na namba yake mgongoni, wakipanda na kushuka taratibu katika ukungu, na yeye amesimama pembeni anawahesabu.

Mwaka ule alikuwa amependekezwa kuwa profesa. Kilichobaki kilikuwa mhadhara mbele ya wakuu wa chuo, wageni na ndugu zake, kisha barua. Mada haikumsumbua kichwa. Angezungumzia utafiti uliomtoa, ule alioufanyia hesabu akiwa na miaka ishirini na tisa. Watu wazima mia tisa wenye unene uliopitiliza walikuwa wamegawanywa kwa kura. Nusu walipewa kijitabu cha ushauri wakaachwa waende zao. Walipimwa mwanzo na mwisho tu. Nusu nyingine waliitwa kliniki kila mwezi kwa miaka miwili, wakafundishwa namna ya kula, wakatembezwa, wakapimwa. Mwishoni, kundi la kliniki lilionekana limepungua kwa wastani wa kilo nne. Makala ikasomwa kila mahali. Kliniki nyingi zikaiga mpango ule hatua kwa hatua, na Dokta, ambaye siku hizo alikuwa msaidizi wa utafiti mwenye viatu jozi moja, akawa mtu wa kualikwa mikutanoni.

Kwa ajili ya mhadhara alitaka picha. Miaka yote alikuwa akionyesha mstari mmoja wa wastani ukishuka. Safari hii alitaka kila mtu achorwe mstari wake, wote mia nne na hamsini wa kundi la kliniki, wajae ukuta mzima wa ukumbi. Alifungua faili la zamani alasiri moja tulivu, akaiandikia kompyuta maagizo machache, akaegemea kiti. Mistari ikaanza kujitokeza kwenye skrini, myembamba kama nywele, mmoja juu ya mwingine.

Aliitazama akiwa nusu yupo, nusu hayupo. Ilimjia picha ya uwanja wa majani marefu, na upepo unapita. Kisha akaona kuwa majani yale yameliwa, na mnyama aliyeyala alikuwa anachagua: alikula juu, chini akapaacha. Mistari ya chini ilikwenda hadi mwezi wa ishirini na nne bila kukatika. Ya juu, ya watu wazito zaidi, ilikatika mwezi wa tatu, wa tano, wa sita. Na kabla ya kukatika ilikuwa imepanda kidogo. Mtu akiongezeka kilo mbili, mwezi unaofuata hayupo.

Dokta aliwahesabu. Mia moja sitini na watatu.

Akakumbuka sentensi moja ndani ya makala ile, kule nyuma ambako wasomaji wengi hawafiki: tumechukulia kwamba waliotoweka hawatofautiani na waliobaki. Aliiandika mwenyewe, kwa mkono mwepesi, siku moja kabla ya kuituma kwa jarida. Hakuna aliyeiuliza. Alikaa pale mpaka mwanga wa darini ukafifia. Kama walioshindwa kupungua ndio walioondoka, basi kilo zake nne hazikuwa zimepunguzwa na mpango. Zilikuwa zimetoka mlangoni pamoja na watu hao, kwa miguu yao wenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alikuwa mmoja wa watu wale. Dokta ndiye aliyembembeleza ajiunge. Dada alikwenda miezi mitano, akaacha, akasema kazi zimemzidi, na Dokta hakumuuliza tena. Faili halikuwa na majina, namba tu. Alijikuta anapitisha kidole juu ya skrini, kutoka mstari mmoja uliokatika hadi mwingine, akijiuliza ni upi.

Jumamosi asubuhi alikwenda dukani kwa Dada. Kilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, vitambaa vimepangwa hadi juu, na cherehani ya miguu iliyochakaa kwenye kanyagio. Dada alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa mikono, na wateja wake wengi walikuwa wanene pia. Walikuja kutoka mbali kwa sababu Dada alijua kukata nguo ya mwili mkubwa ikakaa vizuri bila kumfanya mtu afanane na hema. Alimkaribisha mdogo wake kwa utani, akamuuliza kama leo mahesabu yamefungwa. Dokta akakaa kwenye kigoda. Walizungumza ya watoto, ya goti la Dada, ya kitambaa kilichochuja rangi. Kisha Dokta akamuuliza kwa nini aliacha kwenda kliniki.

Cherehani haikusimama mara moja. Ilimaliza mshono hadi pindoni, ndipo Dada akainua mguu.

Akamweleza bila hasira, kana kwamba anasimulia habari za jirani. Mizani ilikuwa koridoni, kwa sababu chumba kilijaa masanduku. Muuguzi alisoma uzito kwa sauti, na karani aliyekaa dirishani, upande wa pili, aliandika. Karani alikuwa mzito wa masikio. Kwa hiyo muuguzi alirudia, na katikati yao palikuwa na benchi mbili zimejaa watu. Siku ya mwisho aliyokwenda, Dada alikuwa ameongezeka kilo moja na nusu. Karani aliuliza mara tatu. Mara ya tatu benchi nzima ilicheka, na mama mmoja akamwambia pole kwa namna iliyouma kuliko kicheko.

"Kutembea kwenyewe nilipenda," Dada alisema. "Mpaka leo natembea. Nilichoka kutangazwa."

"Mbona hukuniambia, Dada?"

"Ulikuwa na raha sana na makaratasi yako, mdogo wangu. Ningeanzia wapi?"

Dokta aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vipande vya uzi sakafuni kimoja kimoja. Dada alimwacha aokote. Baadaye akaongeza, huku anaingiza uzi kwenye sindano, kwamba hakuwa peke yake. Angeweza kumtajia kumi na wawili walioondoka vilevile, wote anawashonea.

Jumatatu Dokta alipeleka picha ile kwa Mkuu. Ndivyo walivyomwita wote mzee aliyeanzisha kitengo chao. Ndiye aliyeuongoza utafiti ule, na ndiye aliyemshika Dokta mkono tangu hajui hata kusimama mbele ya darasa. Mkuu alivaa miwani, akaitazama mistari kwa muda mrefu, akaivua miwani na kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Alikiri kuwa ameona. Akasema kila utafiti una matundu, na kwamba haki haiko katika haraka. Atoe mhadhara juu ya jambo jingine, apokee cheo chake, kisha akiwa profesa aandike makala ya kurekebisha. Neno la profesa lingesikika zaidi.

Ushauri ule haukuwa wa kijinga, na Dokta aliubeba wiki nzima. Alitembea nao kwenye korido za chuo akiwaitikia watu salamu bila kujua ni nani. Alasiri, mwanga ulipocheza darini, wale watu wasio na sura walipita tena, lakini sasa wengine walifika katikati ya ukungu wakasimama, wakainama kuvaa viatu vyao, wakageuka. Alijaribu kufikiria anasimama ukumbini na joho jipya, Dada amekaa mstari wa mbele anapiga makofi. Kila mara picha ile iligoma kukamilika.

Ijumaa alimwandikia mhariri wa jarida. Barua ilikuwa ya aya tatu. Alieleza kosa, akasema hesabu zilikuwa zake, akaomba makala iondolewe. Kisha akaipeleka kwa Mkuu, kwa kuwa jina lake nalo lilikuwa juu ya makala ile na saini yake ilihitajika. Mzee aliisoma amesimama.

"Unajua watakavyosema," alisema.

"Najua, Mkuu."

Alitia saini shingo upande, kwa kalamu iliyokwaruza karatasi. Lakini alipomrudishia barua hakuiachia mara moja; waliishika wote wawili kitambo, kama watu wanaokunja shuka, ndipo akaiacha.

Na kweli wakasema. Uprofesa uliahirishwa bila tarehe. Mikutano miwili ilifuta mwaliko. Kijana mmoja wa kitengo chao, aliyekuwa akimsifu hadi kero, akaanza kupitia ngazi ya upande wa pili. Dokta aliumia, asingekuwa mtu kama asingeumia, ila alishangaa kuona usingizi umemrudia.

Kisha akaanza kuwatafuta. Kamati ya maadili ya chuo ilimruhusu kufungua kabati la fomu za zamani zenye majina, kwa masharti mengi, na Dada akawa kiongozi wa njia, maana wengi walikubali kufungua mlango kwa sababu yake. Kwa miezi minane walikwenda nyumba kwa nyumba, ndugu wawili, mmoja na daftari, mwingine na begi lenye mizani ndogo. Dada ndiye aliyeweka sheria: mwenye kutaka kupimwa anaingia na mizani chumbani, anafunga mlango, anajisomea, na akitaka anaandika mwenyewe kwenye karatasi. Wengine walitoka na karatasi tupu. Dokta alizipokea vilevile, akazihifadhi.

Waliwapata mia moja na kumi na wanane. Wengine tisa walikuwa wameshafariki. Uzito wa leo haukuweza kuurudisha ule wa miaka kumi na saba iliyopita, hilo alilijua kabla hajatoka mlangoni; alichokwenda kuuliza ni sababu. Wachache walikuwa wamehama au kuugua. Waliobaki, kila mmoja kwa maneno yake, walitaja korido. Mwanamke mmoja mwalimu alikumbuka rangi ya ukuta. Dereva mmoja alisema alikuwa akiacha kula siku mbili kabla ya kupimwa, hadi siku aliyoanguka koridoni palepale. Dokta aliandika yote. Jioni, wakirudi kwa miguu, Dada alikuwa mbele daima, na Dokta akihema nyuma yake.

Alipozirudia hesabu, safari hii akiwachukulia walioondoka kuwa walibaki na uzito waliokuwa nao siku ya mwisho, kilo nne zilisinyaa zikawa mbili kasoro, na hata hizo, zikilinganishwa na kundi la kijitabu, zingeweza kuwa bahati tu. Aliandika makala mpya. Haikupigiwa tarumbeta. Lakini sehemu ya pili, ile ya korido, ilisomwa na wauguzi, kundi ambalo kwa kawaida halisomi takwimu, na barua zikaanza kumfikia. Kliniki moja ilikuwa imehamisha masanduku na kuingiza mizani chumbani. Nyingine ilikuwa imeweka pazia. Muuguzi mmoja aliandika kwamba sasa hasomi kitu kwa sauti, na kwamba angependa kujua namna ya kuwaomba radhi watu ambao yeye mwenyewe hawakumbuki. Cheo cha Dokta kilifika mwaka wa pili, katika bahasha ya kawaida, kati ya tangazo la kukatika maji na orodha ya mitihani.

Wiki ileile alipigiwa simu na mzee asiyemfahamu. Alisema alisikia habari za utafiti redioni, kwamba wanatafutwa watu walioacha, na yeye ni mmoja wao. Asubuhi iliyofuata Dokta alikwenda, peke yake, kwa sababu Dada alikuwa na nguo za harusi. Mzee alikuwa mchomeleaji mstaafu. Geti la nyumba yake alilitengeneza mwenyewe, chuma kimepindwa kikawa majani na ndege, na lilifunguka bila kelele hata kidogo. Alikuwa mnene bado, mwenye kifua kipana na sauti ya chini, na alikuwa ametoa viti viwili kivulini.

Dokta alijitambulisha, akamshukuru, akaanza kumweleza kuhusu mizani na mlango wa kufunga. Mzee alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho. Kupimwa hakutaka. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Pale nilipoacha kuja," aliuliza, "mliandika nini?"

Dokta alifikiri kuhusu faili, safu zake na mistari yake.

"Hatukuandika kitu, mzee wangu. Tuliacha nafasi wazi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, polepole, akitazama ndege wa chuma getini. Upepo ulipita, majani ya kweli yakasogea na yale ya chuma yakatulia. Dokta alifungua daftari kwenye ukurasa mpya, akangoja.

"Basi kaa vizuri," mzee alisema, "maana yangu si habari fupi."

Akaanza na mwaka aliozaliwa.