Doa Jeupe Kifuani mwa Sajini

Sajini alianguka uani asubuhi, Taaka akianika mihogo. Miguu ilikakamaa, povu likamtoka, akajikojolea. Alikuwa mbwa mzee mwenye mvi mdomoni. Marehemu mumewe Taaka ndiye aliyemleta hapo Busia akiwa kitoto, mwaka aliorudi kutoka vita vya Burma.

Jirani yake, Wesonga, alikuja na rungu. "Shemeji, hicho ni kichaa cha mbwa. Tummalize kabla hajauma mtu."

Lakini Sajini alisimama, akayumbayumba, akaenda kunywa maji. Wesonga alishusha rungu. "Nasikia mwenye kichaa anaogopa maji," alisema, kama anayejiuliza mwenyewe.

Taaka alimfunga kamba, akapanda naye lori la pamba hadi Tororo, ofisi ya mifugo. Daktari Mzungu alimpima, akazungumza na msaidizi wake, Etyang.

"Daktari haoni kichaa," Etyang alisema, "ila tutamfungia hapa tumwangalie. Tena anataka kumpiga picha ya ndani ya kifua kwa mashine."

"Kifua kimefanya nini? Kilichotetemeka ni kichwa."

"Ni kweli, mama. Mbwa kijana akianguka hivyo, mara nyingi ni kifafa tu. Mzee kama huyu, tunaogopa uvimbe kwenye ubongo, na mashine yetu haionyeshi ubongo ndani ya fuvu. Lakini uvimbe mbaya uliofika kichwani kutoka kwingine mwilini, mara nyingi hutawanya mbegu zake mapafuni pia. Huko tunaweza kuziona. Na moyo nao ukichoka, mbwa huzimia ukadhani ni kifafa."

Taaka aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa vizuri.

Aliporudi wiki iliyofuata, Sajini alimlamba mikono. Daktari aliinua picha dirishani. Taaka aliona mbavu, na katikati kivuli cheupe kama kiazi.

"Huo ni moyo," Etyang alisema. "Daktari anaona ni mkubwa. Lakini picha ilipigwa Sajini akitoa pumzi, na hapo moyo wa mbwa yeyote huonekana mkubwa."

"Kwa hiyo ni mkubwa au si mkubwa?"

Etyang aliuliza, akajibiwa. "Anasema huenda si mkubwa."

Daktari alionyesha madoa mawili meupe kwenye pafu. Taaka alisogea karibu na dirisha. Ndizo hizo mbegu?

"Moja linaweza kuwa chuchu," Etyang alisema.

"Sajini ni dume."

"Dume naye ana chuchu, mama. Zinatokea kwenye picha kama uvimbe."

Walimlaza tena Sajini, wakampaka chuchu dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha, wakapiga nyingine. Doa moja liling'aa palepale walipopaka. La pili lilibaki peke yake, mbali na chuchu yoyote.

Daktari alilitazama, akasema maneno machache.

"Mbwa wazee huota vipande vya mfupa mapafuni, havina madhara," Etyang alifasiri. "Doa hili ni dogo na jeupe sana, linafanana na mfupa. Lakini hawezi kuapa. Tena mapafu yakiwa safi, bado kichwani kunaweza kuwa na kitu."

"Sasa mmeona nini?"

Etyang aliitazama picha tena. "Tumeona kwamba hatujaona ubaya wa wazi."

Daktari alisema angeweza kumchoma sindano ya kumlaza asiamke tena, au ampe vidonge vya kuzuia kifafa. Taaka alichukua vidonge. Njia nzima alijiuliza kama amepewa habari njema.

Sajini alianguka tena mara mbili mwaka huo. Kati ya mara hizo alikula, akabweka, akalala juani. Baada ya mavuno ya mtama alikutwa amekufa, bila kukohoa hata siku moja kama mgonjwa wa mapafu.

Etyang alipita siku hiyo akielekea kuchanja ng'ombe, akamkuta Wesonga akichimba kaburi. Aliomba kumpasua Sajini waone lile doa. Taaka alikataa. Akaenda jikoni, akarudi, akasema haya, apasue. Lakini Wesonga alikuwa ameshamfukia, anakanyaga udongo ushikane, na Taaka hakumwambia afukue.