Vokk Haizungushwi Novemba

Kosa la kwanza lilikuwa jina. Maarika na Joosep, chuo wametoka juzi tu, walikaa kwenye mkahawa huko Tallinn wakitafuta jina la mtambo wao wa upepo, ule mdogo wa kufunga juu ya paa, usio na kelele. Maarika akasema, "Tuuite Vokk, kama gurudumu la bibi la kusokotea sufu, lile la kukanyaga kwa mguu." Joosep akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Wakalichapa hadi kwenye fulana.

Kosa la pili lilikuwa kwenda kuujaribu kwenye nyumba ya bibi mwenyewe, kisiwani Saaremaa, mwezi wa Novemba.

Maana Novemba ndipo roho za wafu zinarudi nyumbani kuchungulia. Watu wanaziwekea chakula, wanashusha sauti, na hakuna, yaani hakuna kabisa, anayegusa gurudumu la kusokotea. Likizunguka, roho zinashikwa kizunguzungu. Maarika alilijua hilo kama anavyozijua nyimbo za chekechea, yaani hakulifikiria hata kidogo.

Na bibi Helve alikuwa amezikwa Aprili.

Mtambo ulitakiwa uzunguke siku saba bila kusimama. Ukimaliza, mkaguzi anatia saini na kampuni inaishi. Ukisimama hata dakika moja, Joosep anarudi kuuza viatu, na Maarika anarudi kwa mama yake.

Siku ya tano, jua likishazama saa kumi jioni, shangazi Salme wa nyumba ya jirani aliingia bila hodi.

"Mwanangu, zima hicho kitu."

"Shangazi, kile kinatoa umeme. Hakisokoti uzi."

"Mmekiitaje?"

Maarika akalifunika kwa mkono jina kwenye fulana yake.

"Enhe. Mmekipa jina, sasa kinaitikia."

Joosep akadakia, "Roho ikija tutaiajiri, shangazi. Watu wenyewe tuko wawili tu."

"Cheka tu. Helve hakukupenda hata alipokuwa hai."

Hapo upepo ukashika kasi, na kitambaa cha meza kikajikunja upande mmoja, ule wa kiti cha bibi. Kilijikunja taratibu, mikunjo minne na mmoja, kama kimeshikwa na vidole.

Mwaka wake wa mwisho bibi alikuwa na kizunguzungu. Alikuwa anashika ukingo wa meza hivyohivyo, anafumba macho, anasema, "Ngojeni kidogo, dunia itulie."

Maarika akatoka nje mbio, hakuvaa hata koti. Joosep akamfuata hadi kwenye ngazi ya kupandia paani. "Maarika, zimebaki siku mbili. Siku mbili tu, dada."

"Anaumwa, Joosep."

Akavuta breki, akapachika pini ya kufungia, akautoa ufunguo wake na kuutia mfukoni. Mapanga yakasimama. Alipoingia ndani kitambaa kilikuwa kimenyooka. Akaweka uji wa shayiri na mkate mweusi mbele ya kile kiti, akaomba msamaha kwa sauti ya chini. Joosep akaanza kufunga mabegi, bila utani hata mmoja.

Ijumaa mkaguzi akafika, Bwana Tamberg, mtu mzima wa kisiwa hichohicho. Akafungua kwenye kompyuta yake rekodi ya mzunguko inayotumwa na mtambo, akaitazama kitambo kirefu.

"Siku saba, haukusimama. Ila hizi mbili za mwisho mstari umenyooka sana. Upepo hauendi hivi."

Joosep akamkanyaga Maarika mguu chini ya meza. Karatasi ya kutia saini ilikuwa hapo, kalamu imeshafunguliwa.

"Tuliufunga Jumatano," Maarika akasema, akauweka ufunguo mezani.

Bwana Tamberg akaenda dirishani. Paa lilionekana vizuri, na upepo ulikuwa unalaza vichaka, lakini mapanga yametulia tuli. Akarudi, akautazama ule uji, akaifunika kalamu.

"Nitakuja Desemba. Tutaanza upya," akasema. Kisha akauliza polepole, kama anayeuliza habari za nyumbani, "Na hapa nani anakanyaga?"

Kwenye kompyuta mstari ulikuwa bado unatembea, mwendo wa mguu usio na haraka. Ukakatika kidogo, kama vile mtu anavyosimama kuunga uzi uliokatika. Halafu ukaendelea.