Shilingi Aliyoondoka Nayo Badru

Mwalimu Revelian aliponiteua kuwa Spika, darasa zima lilicheka, na waliocheka zaidi ni wale wanaonijua. Mie Somoe, ambaye nyumbani wanadai nilianza kusema kabla ya kutambaa, nipewe kazi ya kunyamazisha watu! Nilifurahi sana, mpaka mwalimu alipoeleza kwamba Spika ndiye mtu pekee bungeni asiyeruhusiwa kuchangia hoja.

"Kazi yako ni kuwapa wenzako nafasi ya kusema," aliniambia kwa lafudhi yake ya Bukoba. "Wewe huna upande."

Huo ulikuwa mwaka ambao somo letu la Siasa liligeuzwa kuwa Uraia. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa, ila vitabu vipya vilikuwa bado havijafika Temeke. Mwalimu mwingine angejaza ubao nukuu tukanakili mpaka vidole viote sugu. Revelian alisema kama kitabu hakuna, basi tutafanya Bunge lenyewe. Akatugawia majimbo, huyu Buguruni, huyu Kibamba, huyu Chanika. Praygod, mwenye miwani na baba karani, akawa Waziri wa Fedha, na kuanzia kesho yake akawa anakuja na koti la baba yake lililomfika magotini. Mie nilijishonea wigi la Spika kwa sufi niliyokuwa naichomoa kwenye mto wa Bibi, kidogo kidogo ili asigundue.

Yote hayo yangebaki mchezo kama si Mkuu wa shule. Siku hizo kila Jumapili kulikuwa na chama kipya kinachotafuta pa kuhutubia, na Jumamosi kulikuwa na harusi, na wote walikodi uwanja wetu. Pesa kidogo ikapatikana. Mkuu akaja darasani, akatazama wigi langu, akacheka hadi akapangusa macho, kisha akasema: "Haya waheshimiwa. Bajeti mtakayopitisha kabla hatujafunga shule Ijumaa, nitaitekeleza. Msipopitisha, pesa inakwenda kwenye rangi ya geti."

Sidhani kama alituamini. Lakini aliyasema mbele ya watu, na mie maneno hayo niliyashika kwa mikono miwili, kwa sababu ya mlango.

Choo chetu cha wasichana hakikuwa na mlango. Ulikuwapo zamani, ukaliwa na mchwa, na tangu hapo tulikuwa tunashikiana kanga, mmoja ndani, mwenzake nje. Tulishazoea. Kosa lilikuwa siku ya kikao cha wazazi, Bibi alipoomba kuonyeshwa msalani. Alikwenda akaona kanga, akaona na wavulana wanaopita nyuma kufuata mpira, akarudi hajafanya alichoendea. Tulipofika nyumbani akavua baibui, akakaa.

"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema. "Mie nimekulea, aibu yako ni yangu. Shule ikifunguliwa mwezi wa saba na mlango hakuna, wewe utakwenda Kilwa kwa shangazi yako. Kijijini kwake hakuna sekondari, lakini choo kina mlango."

Bibi hakuwa adui wa elimu, ndiye aliyekuwa akininunulia daftari. Lakini hajawahi kutishia jambo asilifanye. Niliogopa, nasema kweli. Nilikuwa naipenda shule ile kwa mapenzi ya kijinga, na kanga yake, na madawati yake yanayochana sketi.

Kwa hiyo Praygod aliposimama kusoma bajeti, mie kitini nilikuwa nasali. Chaki, ikapita. Ndoo za maji, zikapita. Akasoma, "Mlango wa choo cha wasichana," wasichana wakapiga madawati, na mie nikagonga meza na kusema "Utulivu!" kwa sauti kali, huku moyo unacheza lelemama.

Ndipo Badru akasimama. Badru alikuwa mbunge wa Chanika na nahodha wa timu, na timu ilikuwa inachezea fulana za nyumbani zenye namba za mkaa. Mvua ikinyesha, wote wanakuwa hawana namba. Alitaka jezi, na katika bajeti ya Praygod jezi hazikuwemo.

"Mheshimiwa Spika, nashika shilingi!"

Hili alitufundisha Mwalimu. Mbunge asiyeridhika na waziri hutoa hoja kwamba mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja, na mambo yanasimama mpaka waziri ajieleze na mbunge aiachie shilingi hiyo. Bungeni kwenyewe wakishindwana hupiga kura. Mwalimu alikiondoa kipande hicho, alitaka tujifunze kubembelezana. Tulipomcheka kwamba shilingi moja hainunui hata pipi, alijibu, "Haiumizi mfuko, inaumiza uso." Na ili tuelewe vizuri, aliweka sarafu ya kweli juu ya meza, mbele ya waziri.

Badru akaja mbele, akaichukua sarafu, akaitia mfukoni. Darasa likalipuka. Kengele ikalia, akaondoka nayo.

Mwalimu alikuwa amefurahi mno hata hakumwita. Kesho yake Badru hakuja shule. Keshokutwa vilevile. Wakasema ana malaria.

"Mwalimu, si tuweke shilingi nyingine?" nilimwomba. "Hata mie ninayo."

"Somoe, shilingi iliyoshikwa huachiwa na aliyeishika. Tukianza kutengeneza shilingi zetu, hilo si Bunge tena."

Nilitamani kumrushia wigi. Badala yake, Alhamisi baada ya masomo nilimchukua Waziri na koti lake, tukaenda kwa kina Badru, kule bondeni Mtoni. Mama yake alikuwa uani anachoma vitumbua. Pembeni yake msichana wa darasa la saba, Farida, mdogo wake Badru, anafuta sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Mbona nyie huku na mwenzenu yuko huko huko Bungeni? Kaniambia siku hizi mnatoka jioni."

Nikatazamana na Praygod. Malaria kumbe ilikuwa mechi za kombe la mbuzi, maana uwanja wa mtaani ulikuwa unasikika mpaka pale. Sikutaka kumchoma mwenzangu kwa mama yake, lakini Waziri wa Fedha hajui kusema uongo.

"Hajaja tangu Jumanne," alisema Praygod. "Na ana shilingi yangu."

Mama Badru akashusha mwiko. "Shilingi? Shilingi moja ndiyo imewatoa huko mpaka huku?"

Praygod akaeleza, na kwa kuwa ni Praygod alieleza kuanzia mapato. Mama alivumilia mpaka kwenye choo. Hapo akainua mkono.

"Ngoja, baba. Choo cha wasichana hakina mlango?"

"Hakina."

"Na Badru ndiye anayezuia?"

"Anataka jezi," nilisema haraka, kwa sababu Spika lazima awe wa haki. "Na jezi wanazihitaji kweli, mama. Wanachezea mkaa."

Akanigeukia, akaniangalia vizuri. "Na wewe binti, wewe unataka nini?"

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo tele, yote niliyoyameza wiki nzima kitini pale, Kilwa, na Bibi, na kanga. Nikasema, "Mie ni Spika, mama. Siruhusiwi kutaka." Halafu nikalia, kilio kibaya chenye kamasi, mbele ya Waziri na vitumbua.

Hakunibembeleza. Alitoa kitumbua cha moto akanitia mkononi, akasimama, akaenda mpaka ukingo wa ua, akaita jina la mwanawe mara moja tu. Kule uwanjani kelele zikapungua.

Badru alikuja na tope hadi magotini. Aliponiona nina kitumbua na machozi, akasimama mbali.

"Farida," alisema mama yake, "waambie hawa wageni mwakani unataka kwenda shule gani."

"Kwa kina kaka," Farida akasema.

Mama akarudi kwenye chuma chake, akageuza vitumbua. Badru alitazama miguu yake, akamtazama mdogo wake, akajikuna kichwa.

"Hiyo ishu sikuifikiria, Mheshimiwa," aliniambia.

"Usizungumze na Spika nje ya kikao," nilimjibu, mdomo umejaa.

Ijumaa tulianza asubuhi na mapema. Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni, na mkononi, wallahi, alishika kopo la rangi. Badru akainuka. Alikuwa amechana nywele.

"Mheshimiwa Spika, kabla sijaachia shilingi, namwuliza Waziri. Mlango huo una komeo kwa ndani? Maana mlango usio na komeo bado unahitaji mtu wa kuushika."

Praygod akavua miwani, akaivaa tena. Hakuwa amewaza komeo. "Komeo litakuwepo, Mheshimiwa. Nitalitoa kwenye chaki."

"Na mwakani utafikiria jezi?"

"Nitafikiria."

"Basi naachia." Akaja akaiweka sarafu mezani, na niliona ina tope.

Nikauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Ile ndiyo iliyotoka mle darasani iliwatoa walimu ofisini. Nikauliza wasioafiki, kimya. Nikatamka, "Walioafiki wameshinda," kwa sauti ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa na upande kabisa. Mkuu akaweka chini kopo la rangi, akasaini. Geti letu lilibaki na kutu yake.

Mwezi wa saba shule ilipofunguliwa, Bibi alinisindikiza mwenyewe. Begi langu la Kilwa alikuwa amelifunga na kuliacha nyumbani kando ya mlango. Hakupita ofisini, alinyoosha moja kwa moja nyuma ya madarasa. Mlango ulikuwepo, wa mninga, umepakwa buluu. Bibi aliugonga kwa kiganja, akaingia, nikasikia komeo likipita. Alikaa humo mpaka kengele ikalia, wenzangu wakaingia darasani, mie nimesimama nje jasho linanitoka.

Akatoka anajitanda kanga yake polepole.

"Bawaba ya juu inalia," alisema. "Na maji ya kunawia yako mbali. Mwambie huyo Waziri wenu sijaridhika."

"Bibi..."

"Sijaridhika, nimesema. Muhula ujao nitakuja tena kukagua, na wa baada yake. Mpaka umalize." Akaanza kuondoka, akageuka. "Na mto wangu uujaze. Usidhani sikujua."

Nilikimbilia darasani nikicheka na kulia. Nilikuwa nimechelewa, na Mwalimu alipouliza nilikuwa wapi, nilieleza yote tangu mwanzo, kwa kuwa siku hiyo Bunge halikuwa limekaa na mie nilikuwa na ruhusa ya kusema.