Bolti ya Saba

Mume wangu Pashk ana kitambaa chekundu. Akikitundika kwenye komeo la mlango wa gereji, kijiji kizima kinajua kwamba anakaza hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na kwamba hakuna ruhusa ya kumsemesha. Usimwamkie, usimwulize saa, usikohoe kwa makusudi. Padri mwenyewe alifika siku za Noeli kubariki nyumba, akasimama mlangoni na maji yake ya baraka karibu nusu saa, na Pashk hakugeuza hata shingo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana kwetu huku milimani, nyumba ni ya Mungu na ya mgeni kabla haijawa ya mwenyewe. Mtu akisimama mlangoni akakupa pole na kazi, unamjibu, hata kama umemshika kondoo shingoni na kisu mkononi. Usipomjibu umemfukuza, na mtu aliyefukuzwa mlangoni hapiti tena njia hiyo. Pashk walimsamehe kwa sababu moja tu: hedi alizofunga yeye hazivuji.

Mimi kitambaa kile sikukipenda tangu mwanzo, kwa kuwa nilijua kilianza lini. Kilianza mwaka aliokufa baba mkwe wangu. Zamani Pashk na mdogo wake Gjelosh walikuwa wakifanya kazi pamoja. Pashk anavuta spana, Gjelosh anahesabu kwa sauti, kama baba yao alivyowafundisha. Vuli moja wakafunga injini ya lori la mzee mwenyewe. Januari, juu kabisa kwenye kilele cha njia, hedi ikavuja na injini ikafa. Mzee akatembea kwenye theluji kutwa nzima hadi nyumba ya kwanza. Mapafu yakashikwa na baridi, na Machi tukamzika. Walipolifungua lori walikuta bolti ya saba haikukazwa ikakazika.

Matangani, wanaume wote wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi, Pashk akamwambia mdogo wake, "Hesabu yako ndiyo iliyomuua baba."

Gjelosh hakujibu neno. Juma hilohilo alikwenda Italia, akapata kazi kiwandani huko Brescia. Mama mkwe alipofariki, alikuja kaburini alfajiri, akaondoka bila kupita nyumbani. Miaka tisa ndugu hawa hawakusemezana, na Pashk akawa anafanya kazi peke yake na kitambaa chake mlangoni.

Mwezi wa kumi mwaka huu uvumilivu ukanishinda. Nikampigia Gjelosh simu.

"Shemeji, njoo unywe kahawa. Ukitaka kutuchukia, tuchukie ukiwa umeshiba."

Alicheka kidogo. "Nitakuja, Drande. Nitamwamkia mara moja. Moja tu. Asiponijibu nageuka palepale mlangoni, na wewe usinipigie tena maisha yako yote."

"Atakujibu."

"Unamjua kuliko mimi?"

"Nalala naye kitanda kimoja. Wewe je?"

Tukapatana Ijumaa. Pashk sikumwambia kitu. Ningemwambia, angepata wiki nzima ya kuupika ukaidi wake.

Jumatatu ya wiki ileile Kolec akaja na gari lake likivutwa na trekta. Kolec hubeba jibini na abiria kwenda mjini Shkodra kila Jumamosi, na ni mtu wa maneno mengi kuliko maji. Maji hayo ndiyo aliyosahau kutia kwenye rejeta, injini ikachemka, gasketi ya hedi ikaungua. Pashk akaagiza bolti kumi mpya kutoka Shkodra, seti pekee iliyokuwapo dukani.

Bolti za siku hizi si kama za zamani. Pashk amenieleza mara elfu, nami nimesikiliza mara tatu. Unaanza na za katikati, unakwenda nje kwa kupishana. Mizunguko miwili ya kwanza unapima kwa ile spana ndefu inayolia "ka" nguvu ikifika. Halafu unaacha kupima. Kila bolti unaiongezea robo mzunguko, kisha zote tena robo nyingine, nazo zinavutika, na kule kuvutika ndiko kunakoshika hedi. Ikishavutika hivyo, ukiifungua ni chuma chakavu, hairudi kazini. Na ubaya wake ni huu: ukisahau ipi umeiongezea na ipi bado, hakuna spana itakayokuambia. Ukiirudia inaweza kukatika. Ukiiruka, itakusubiri mlimani.

"Basi weka alama," nilimwambia Jumanne usiku. "Nitakupa rangi yangu ya kucha. Kila bolti iliyokwisha, tone moja."

"Hii ni injini, si bibi harusi."

"Bibi harusi hajamwacha mtu kwenye theluji."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Pashk aliuweka mkate wake mezani, akaenda kulala bila kuumaliza.

Jumatano asubuhi kitambaa kikapanda mlangoni. Kolec alikuwa jikoni kwangu, kiganja kimoja kwenye kikombe cha kahawa na kingine kwenye glasi ya raki, pombe yetu kali, akinihadithia ugonjwa wa kila ng'ombe wake. Mimi nilikuwa nakanda unga. Nikatupa jicho dirishani, nikaona mtu anashuka barabarani na begi begani, anatembea kwa ule mwendo wa kwao, bega la kulia mbele. Nywele zilikuwa na mvi, lakini mwendo haubadiliki.

"Leo Jumatano!" nikasema.

"Ni Jumatano, ndiyo," akasema Kolec. "Kwa nini?"

Sikumjibu. Nilitoka mbio na mikono ya unga, Kolec nyuma yangu akidhani nyumba inaungua. Kuita nisingeweza, maana kelele moja ingeharibu kazi ya siku mbili. Nikakimbia kimya, viatu vikinitoka kwenye matope. Gjelosh alifika kabla yangu. Kitambaa hakukijua, kilianza baada yake. Alikisogeza kwa kidole akaingia.

"Pole na kazi, kaka."

Pashk alikuwa ameinama juu ya injini, kwenye mzunguko wa mwisho kabisa. Nikauona mkono wake ukisimama katikati ya mvuto. Hakugeuka. Nikaona mishipa ya shingo yake imesimama, na mgongo wake umekuwa ubao. Nilitaka kupiga kelele, mjibu, mjibu wewe mwanamume! Gjelosh alisubiri, begi bado begani. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa alichokitarajia, akageuka. Bega lake likanigusa akipita.

Ndipo spana ikaanguka sakafuni.

"Nimeshapoa, mdogo wangu," Pashk akasema. "Karibu ndani. Ndani, nimesema. Unakwenda wapi?"

Gjelosh akasimama akiwa ametupa mgongo. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa, na hakujishughulisha kuufuta.

"Bolti zangu!" akasema Kolec. "Fundi, bolti zangu!"

Hakuna aliyemjali. Ndugu wale hawakukumbatiana. Walipeana mikono, hawakuachiana, wakawa wanaulizana kwa zamu kama desturi inavyotaka: habari za safari, umechoka, huko unakokaa wazima, afya yako, baridi je. Waliuliza yote hadi mwisho, wakaanza tena mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyejua neno la kufuata. Nikaleta kahawa, na mkate na chumvi. Kolec akaleta raki, maana alikuwa ameishika tayari.

Kisha Pashk akaigeukia injini. Aliitazama bolti moja, akaitazama nyingine.

"Nilikuwa ya ngapi?" akauliza.

"Ya sita," Kolec akasema haraka.

"Wewe ulikuwa jikoni."

"Basi ya saba! Kisia, fundi. Mtu mwenye uzoefu kama wako!"

Pashk akaokota spana, akaanza kulegeza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kolec alipoelewa alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mama yangu wee! Mpya zile! Hata mafuta hazijaonja vizuri!" Pashk alizifungua zote kumi, akazipanga juu ya meza mbele ya mdogo wake, zingali zinang'aa. Akaketi juu ya debe.

"Neno moja tu," akasema. "Umeniambia pole na kazi, na mkono ukasahau ulipo. Neno moja, Gjelosh."

"Nisamehe. Kiwandani waliniruhusu mapema, na habari ya kitambaa sikuijua."

"Nyamaza. Wewe usiombe samahani hapa." Akazitazama bolti. "Siku ile ya lori la baba. Ulikuwa umefika sita. Nikakukatiza, nikakuomba kiberiti. Nikawasha sigara yangu. Ulipoendelea ukasema nane, nami nikavuta ya nane."

Kolec akavua kofia.

"Nilikumbuka tulipolifungua lori," Pashk akaendelea. "Kabla ya matanga nilikumbuka. Nilijua, na bado nikasimama mbele ya watu nikasema lile neno. Nilimwogopa kila mtu mle chumbani. Kitambaa kile, watu wanadhani ni kiburi cha kazi. Kila nikikitundika nakuona ukinipa kiberiti."

Nilisikia moto ukinipanda kifuani. Miaka tisa nimefua nguo za mtu huyu, nimemtetea sokoni na kanisani, nimemlaani Gjelosh kimoyomoyo kila theluji inapoanguka! Nilimhurumia na nilitaka kumtwanga na kinu cha kahawa, yote kwa wakati mmoja. Nikamtazama Gjelosh nione hasira yake, nimpe ruhusa nayo.

Gjelosh alikuwa anaigeuzageuza bolti moja vidoleni.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kaka, kiberiti alikupa nani?"

Pashk akainua macho kutoka kwenye bolti.

"Shemeji," nikasema, "kwa nini hukusema? Wanaume wote walikuwa pale!"

"Wanaume walikuwa sebuleni. Mama alikuwa chumba cha pili, na mlango uko wazi. Amempoteza mume, Drande. Nimwondolee na mtoto wa kwanza?" Akairudisha bolti mezani, sawasawa na wenzake. "Tena hesabu ilikuwa yangu. Uliniomba kiberiti, ndiyo, lakini aliyesema nane ni mimi. Mmoja wetu ilibidi aondoke. Wewe ulikuwa na mke."

Pashk akainamisha uso kwenye mikono yake yenye grisi akalia kwa sauti, mtu wa miaka hamsini na nne. Nilitoka nje nikalia kivyangu, maana bado sikutaka kumshika bega. Nilimshika baadaye. Si siku ile.

Kolec alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, kimya kwa mara ya kwanza tangu abatizwe. Nilipopita akaninong'oneza, "Nitakwenda mimi mwenyewe kutafuta bolti nyingine. Shkodra zikikosekana nitashuka hadi Tirana. Mwambie asiwe na wasiwasi juu yangu."

Alizileta Ijumaa mchana, amezifunga kwenye skafu ya mkewe kama mayai. Pashk akatundika kitambaa mlangoni kama kawaida yake, kwa sababu toba haibadilishi injini. Kolec akajiweka nje kuwa mlinzi. Akipita mtu tunamsikia akimkemea kwa mnong'ono unaofika hadi kanisani: "Shhh! Wako wawili ndani!"

Safari hii rangi ya kucha Pashk aliiomba mwenyewe, bila kunitazama. Nikakaa upande wa pili wa injini na kichupa changu. Gjelosh alisimama kulia kwa kaka yake, mikono nyuma, mahali pake pa zamani. Mizunguko ya kwanza ikapita. Ikaja ya mwisho.

"Moja," akasema Gjelosh. Pashk akavuta, nami nikaweka tone jekundu.

"Mbili. Tatu. Nne."

Alikuwa anahesabu kwa sauti ya baba yao, taratibu, akingoja mkono uachie kabla ya kutaja namba nyingine.

"Tano. Sita."

Pashk akaiweka spana kwenye bolti inayofuata. Akangoja.

"Saba," akasema Gjelosh.

Pashk hakuvuta. "Una hakika?" akauliza, kwa sauti ndogo.

Matone yangu sita yalikuwa pale, mekundu, hata kipofu angeyaona. Gjelosh hakuyaangalia. Alikuwa anamwangalia kaka yake.

"Nina hakika, kaka."

Pashk akavuta robo mzunguko, polepole, huku machozi yakidondoka juu ya hedi, na Gjelosh akamngoja hadi alipomaliza kujifuta ndipo akasema nane.