Jino, Feni na Nailoni ya Baba

Asubuhi ile Chiriku aliamka, akaitazama kazi yake, akashika kichwa. Video ya jino ilikuwa imetoka safi, rangi zake tamu, ila jino lenyewe lilikuwa linakonyeza jicho moja mwanzo mpaka mwisho, kama lina miadi na mswaki. Na video yenyewe ya watoto.

Wala haikuwa video ya kujifurahisha. Ofisi ya matangazo ambako alikuwa akibangaiza vibarua ilitaka mchora katuni wa kudumu, na kwenye mchujo walikuwa wamebaki wawili. Jino liwafikie kabla ya saa tisa alasiri, la sivyo nafasi anabeba mwenzake. Kope alizirekebisha fasta. Kasheshe ikawa kuipika video upya, yaani kuiachia kompyuta iunganishe picha zote: kompyuta ikapiga hesabu zake, ikamwambia bila aibu kwamba itamaliza jioni, giza likiingia.

"Kubali tu yaishe," dada yake akasema kutoka mlangoni, mswaki mdomoni. "Waambie jino limelala."

"Naipandisha kasi."

Hayo mambo aliyajulia chuoni. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani imewekewa mwendo wa kistaarabu, na ukijua pa kuingilia unaweza kuikanyagia mafuta. Shida ni kwamba kadiri inavyokimbia ndivyo inavyochemka, na wajuaji huifungia feni kubwa kama sufuria ya shule. Chiriku alikuwa na kale kafeni kalikokuja na prosesa kwenye boksi lake, basi. Akazima, akawasha, akaingia kwenye skrini ya mipangilio inayotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri, akaongeza mwendo. Video ikatimua mbio. Feni ikaanza kulia. Joto likapanda, likapita nyuzi tisini, halafu skrini ikawa nyeusi.

"Imekufa?" dada akauliza.

"Imezirai. Inajizima yenyewe isiungue."

Bahati nzuri vipande vilivyokwisha kupikwa vilikuwa salama. Chiriku akapunguza mwendo kidogo, akawasha tena. Dada akaenda jikoni, akarudi na mfuniko wa sufuria, akaanza kuipepea kompyuta kama anachoma mahindi.

"Ukiajiriwa, mshahara wa kwanza wangu," akasema huku anahema.

Upepo wote huo, na joto bado liko palepale. Chiriku akaweka kiganja mbele ya kasha la kompyuta, pale hewa inapotakiwa kuingia. Hakuna kinachovutwa. Akainama, akakodoa macho, akaanza kucheka peke yake. Matundu ya mbele na ya juu yote yalikuwa yamefunikwa na nailoni nyembamba, ile iliyokuja nayo kutoka dukani.

Hiyo ilikuwa kazi ya Baba. Baba alikuwa ametunza bohari maisha yake yote, na bohari lina sheria moja: mzigo uliovuliwa nailoni haurudishwi. Akaihamishia sheria nyumbani. Makochi yao yalikuwa yakilia ukiyakalia, rimoti ilikuwa na koti lake, na kompyuta aliyomnunulia binti yake alikataza isiguswe ngozi.

"Baba," Chiriku akaita, na Baba akaja, miwani juu ya paji la uso. "Naomba nibandue hii."

"Ina garantii."

"Iliisha zamani, Baba."

"Ya kwao. Mimi nasema yangu."

"Haipumui, Baba. Ni kama kumkimbiza mtu uliyemziba pua. Ikizirai tena, kazi anapata mwenzangu."

Baba akautazama mfuniko wa sufuria, akamtazama dada aliyelowa jasho, akatazama saa ukutani. Akashusha pumzi.

"Sogea. Wewe utaichana ovyo."

Akaikamata kwenye kona kwa kucha, akaibandua polepole, uso umemkunjamana kama anabanduliwa plasta iliyonasa vinyweleo. Feni ikavuta hewa kwa kishindo, halafu ikatulia, ikawa inavuma tu. Joto likateremka mpaka sabini na kitu, likagoma hapohapo. Chiriku akairudishia ile kasi kubwa ya mwanzo. Ikakubali. Wote watatu wakakaa mbele ya ile skrini kama wanatazama fainali, hakuna aliyethubutu hata kwenda kunywa maji.

Ikatoka saa nane na nusu. Jino likapepesa macho yote mawili, kwa adabu. Chiriku akatuma, akaanza kuzunguka chumba, na kabla saa tisa haijagonga simu ikalia, ujumbe umeingia: "Jino limetuvunja mbavu. Jumatatu uje, kazi ni yako." Dada akampokonya simu ahakikishe kwa macho yake, akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia.

"Ya kudumu?" Baba akauliza.

"Ya kudumu, Baba."

Baba akatoka kwenda ukumbini, wakamsikia anapiga simu kwa wenzake wa bohari, sauti juu: "Kapata kazi, ndiyo. Ya meno. Aa, daktari wapi? Anayafanya yaongee."